Ndewe, Sindano na Kilio cha Mtoto

Kutoga masikio ni jambo dogo. Hudumu kwa muda wa pumzi mbili tatu: sindano huingia, uzi hufuata, fundo hufungwa, mtoto hulia, na mama humweka begani. Wanahistoria, ambao wamejaza maktaba kwa habari za vita na za kutawazwa kwa wafalme, hawakuona sababu ya kulipa jambo hili hata ukurasa mmoja. Walakini si desturi nyingi zilizo kongwe kama hii, wala zilizoenea kama hii. Na kila ilipotendwa, mtu mzima aliyeshika sindano amelazimika kuamua, kwa kujua au kwa kutojua, swali ambalo si dogo hata kidogo. Kilio cha mtoto kina thamani gani? Je, ni habari ya kweli ambayo mtu mzima lazima aisikilize, au ni kelele ya kupita, ya kunyamazishwa na kusahauliwa? Majibu yametofautiana sana, na kwa bahati njema baadhi yake yaliandikwa.

Maandishi ya kale yanayolieleza jambo hili kwa ukamilifu yalitoka Bara Hindi. Katika lugha ya Kisanskriti kimo kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Sushruta Samhita, kilichonasibishwa na tabibu Sushruta. Wakati wa kutungwa kwake hubishaniwa na wataalamu, maana kilikusanywa na kuongezwa kwa karne nyingi. Yatosha kusema kwamba sehemu zake za asili hukisiwa kuwa na umri wa miaka 2000 au zaidi. Kitabu hicho chasifika ulimwenguni kwa maelezo yake ya kuunda pua upya kwa nyama ya shavu, na wengi wanaokisifu kwa sababu hiyo hawaangalii kwamba mlango huo huo wenye habari ya pua, yaani mlango wa 16 wa sehemu ya kwanza, huanza kwa habari ya kutoga masikio ya watoto wachanga. Mambo mawili husudiwa kwa kutoga, yasema maandishi hayo: kinga na pambo. Wakati wake ni mwezi wa 6 au wa 7 wa umri wa mtoto, katika nusu ya mwezi yenye mbalamwezi, siku ya heri, baada ya dua.

Kisha hufuata maagizo ambayo msomaji wa leo huyasoma kwa mshangao. Mtoto asilazwe chini wala asifungwe. Akalishwe juu ya mapaja ya mlezi wake. Apewe vitu vya kuchezea ili moyo wake uvutwe huko, na wakati huo huo atulizwe kwa maneno. Tabibu alivute sikio kwa mkono wa kushoto, alielekeze penye mwanga wa jua, atafute pale mahali ambapo nyama yenyewe ni nyembamba hata mwanga unapita, pahali ambapo kitabu chapaita tundu lililofanywa na Mungu. Hapo apitishe sindano kwa mkono wa kulia, polepole, kwa kunyoosha bila ya kuipinda. Sikio jembamba litogwe kwa sindano, na lililo nene kwa chuma kipana zaidi, mfano wa msharasi wa washona viatu. Mvulana aanzwe sikio la kulia, msichana la kushoto. Baadaye utambi wa pamba utiwe katika tundu, na mafuta yamiminwe juu yake. Kila siku ya tatu utambi ubadilishwe na mwingine ulio mnene kidogo, na mafuta tena, hata tundu litimie.

Yafaa kusimama kidogo juu ya mwanga wa jua. Mtu akilichukua sikio la mtoto mchanga na kuliweka baina ya jicho lake na jua la asubuhi, ataona ndewe ikigeuka nyekundu kama ua, na ndani yake ataona vijishipa vikipita kama mizizi. Tabibu wa kale hakuwa na hadubini wala taa ya umeme, lakini alijua kwamba chini ya ngozi kuna njia za damu, na kwamba mahali pa kupitisha chuma hapachaguliwi kwa kukisia. Kitabu chavitaja vijishipa vitatu kwa majina na kuonya juu ya kila kimoja. Kikichomwa hiki na mtu asiyejua, huja homa, mwako na uvimbe. Kikichomwa kile, huja maumivu na mavimbe ya nyama. Na kikichomwa cha tatu, huja kukakamaa kwa shingo, mishtuko ya mwili, na maumivu ya kichwa na ya sikio. Msomaji anayeijua pepopunda hawezi kuisoma orodha hiyo bila ya kuwaza kwamba matabibu wale waliwaona watoto wakifa kwa sindano chafu, wakalitia kosa katika kijishipa kwa kuwa hawakuwa na elimu ya vijidudu. Sababu waliikosea, tukio waliliona sawasawa.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika mlango huo limo katika sentensi moja fupi, yenye kueleza namna ya kujua kama kazi imefanywa vema. Ikiwa damu imetoka nyingi na maumivu yamekuwa makali, yafahamike kwamba sikio limetogwa mahali pasipo pake. Ikiwa hapana taabu iliyofuata, basi limetogwa mahali pake. Maneno hayo yaonekana kama kanuni ya ufundi tu, na ni kanuni ya ufundi kweli. Hata hivyo ndani yake mna hukumu. Maumivu ya mtoto yamefanywa kuwa ushahidi, na anayeshitakiwa kwa ushahidi huo ni mwenye sindano. Mtoto aliaye sana hajaambiwa kwamba ni mwoga, wala mama hajaambiwa kwamba amemdekeza. Tabibu ndiye anayeambiwa atazame mkono wake.

Desturi hiyo haijafa katika nchi ilikozaliwa. Miongoni mwa Wahindu, kutoga masikio ni mojawapo ya ibada za kumwingiza mtoto katika maisha, na katika nchi ya Watamil, kusini, mtoto hukalishwa juu ya mapaja ya mjomba wake, ndugu wa mama, huku sonara akishika kazi ya sindano ya dhahabu na jamaa wakimpa mtoto vitu vitamu. Mapaja ya mlezi yamekuwa mapaja ya mjomba, na vitu vya kuchezea vimekuwa vitu vya kula. Wazo lenyewe limebaki lile lile.

Kutoka Bara Hindi mpaka pwani ya Afrika Mashariki majahazi yalikuja kwa pepo za kaskazi, na pamoja na nguo na shanga yaliwaleta masonara, ambao hata jina lao katika Kiswahili ni la Kihindi. Lakini watu wa pwani hawakuchukua desturi zao kwa masonara peke yao. Walikuwa Waislamu, wengi wao wa madhehebu ya Imamu Shafi, na katika vitabu vya wanachuoni wa dini yao suala la sikio la mtoto lilikuwa limekwisha kujadiliwa kwa njia tofauti kabisa. Tabibu wa Kihindi aliuliza namna ya kutoga. Mafakihi waliuliza kama inajuzu kutoga.

Mwenye kauli kali kuliko wote alikuwa Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika Uajemi, aliyeishi tangu mwaka 1058 hata 1111. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, alipokuwa akieleza makatazo ambayo watu wameyazoea hata hawayaoni tena, alilitaja jambo la kutoga sikio la msichana mdogo kwa ajili ya kutundika dhahabu, na akasema kwamba haoni ruhusa yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito pamoja. Kutoga ni kujeruhi, tena jeraha lenye maumivu. Na jeraha la namna hiyo, lau lingetendwa kwa uadui, lingedai kisasi. Mwili hauhalaliki kujeruhiwa ila kwa haja ya kweli, kama kuumika, kutoa damu kwa tiba, au tohara. Kujipamba kwa vipuli si haja ya namna hiyo. Pambo laweza kutundikwa juu ya sikio pasipo kulitoboa, na mikufu na vikuku vyatosha. Kwa hiyo, ijapokuwa desturi imeenea, ni haramu. Kumwajiri mtu kuifanya hakusihi, na ujira wake ni haramu. Hapo aliacha mlango mmoja wazi: isipokuwa pawe na ruhusa iliyopokewa kwa mapokezi ya dini, nayo, alisema, haikumfikia.

Yapasa kuangalia ni nani anayetetewa hapa. Si mtu mwenye mali, wala mwenye kauli katika baraza. Ni mtoto wa kike asiyeweza hata kusema. Mwanachuoni aliyeandika juu ya siri za moyo na juu ya upotofu wa wanafalsafa aliona kwamba mwili wa mtoto huyo una haki, na kwamba uzuri unaotamaniwa na wazazi wake haununuliwi kwa maumivu yake. Kwa nguvu ya hoja tupu, ni vigumu kumjibu.

Lakini alijibiwa. Ibn Qayyim al-Jawziyya wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za mtoto aliyezaliwa, Tuhfat al-Mawdud, na ndani yake akaweka fasili juu ya kutoga masikio ya mvulana na ya msichana. Mvulana hakumruhusia, maana hapati faida yoyote, ya dini wala ya dunia. Msichana alimruhusia, kwa kuwa pambo ni haja yake. Dalili zake alizichukua katika mapokezi yale ambayo al-Ghazali alisema hayakumfikia: ile hadithi mashuhuri ya Umm Zar, mwanamke aliyemsifu mumewe kwa kuyajaza masikio yake mapambo hata yakaning'inia, na ile habari ya siku ya Idi, ambapo wanawake walipohimizwa kutoa sadaka walivua vipuli vyao na kuvitupa katika nguo ya Bilali. Lau kutoga kungekuwa kosa, lingesemwa siku hiyo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi waliofuata hawakuafikiana. Wako walioshika ukali wa al-Ghazali na wako waliolegeza. Ila katika mabishano hayo yote, yaliyodumu karne kwa karne, hakuna upande uliojishughulisha sana na swali la tabibu wa Kihindi: ikiwa mtoto atatogwa, atatulizwaje? Kwa mwenye kukataza, swali hilo halikuwa na maana. Kwa mwenye kuruhusu, halikuwa na uzito. Liliachwa mikononi mwa wanawake, na wanawake hawakuandika.

Mmoja aliandika. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake. Humo ameeleza kwamba mtoto wa kike katika nyumba ile alitogwa masikio siku ya 7 baada ya kuzaliwa, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, aghalabu matundu 6 katika kila sikio. Na kwamba baada ya miezi 2 pete nzito za dhahabu zilitiwa humo. Ni matundu 12 kwa mtoto wa siku 7. Salme anayataja pasipo lawama na pasipo kujitetea, kama mtu atajaye rangi ya mlango wa nyumbani kwao. Siku ya 7 ndiyo siku ya akika na ya kunyoa nywele za mtoto, siku ambayo mtoto huanza kuhesabiwa miongoni mwa watu. Na dhahabu iliyowekwa masikioni ilikuwa tangazo la ukoo wake kabla yeye mwenyewe hajajua jina lake.

Lugha yenyewe ya pwani yashuhudia jinsi jambo hili lilivyozoeleka. Ubao hutobolewa, lakini sikio hutogwa. Ile nyama laini ya chini ya sikio, pamoja na tundu lake, ina jina lake pekee, ndewe. Na mtu mkaidi asiyesikia la mtu husemwa kwamba hana ndewe wala hana sikio. Vipuli vina majina mbalimbali, na kwa wanawake wa zamani yalikuwako majasi, yale mapambo ya duara yaliyojaza ndewe iliyopanuliwa, mengine ya fedha na mengine ya karatasi za rangi zilizokunjwa, kama picha za kale za wanawake wa Lamu na Unguja zionyeshavyo. Kupanua huko kulihitaji muda mrefu, na ni mkono wa mama au wa nyanya uliokuwa ukipaka mafuta, ukizungusha uzi ili usishikane na nyama, na kungoja.

Je, mtoto wa siku 7 alitulizwa? Hoja ya wazee, pwani na kwingineko kote penye desturi ya kutoga mapema, ilikuwa kwamba mapema ndiyo tulizo. Nyama ya mtoto mchanga ni laini na hupona upesi. Mikono yake haijajua kuvuta uzi. Hofu hana, maana hofu ni mtoto wa maarifa. Na kumbukumbu hana, basi litakalompata leo kesho halipo. Kisha titi liko karibu. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Ni kweli kwamba nusu ya taabu ya mtoto mkubwa ni kungojea sindano, na mtoto mchanga hangoji kitu. Lakini hoja hiyo yategemea dai moja ambalo kwa karne nyingi halikuwa na mtu wa kulipima, nalo ni kwamba kisichokumbukwa ni kama hakikutokea.

Huko bara, watu wengine walichukua njia iliyo kinyume. Miongoni mwa Wakikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, kutoga masikio kulikuwa daraja katika safari ya kukua, kulikotangulia jando. Aliyetogwa si kitoto cha kubebwa, bali mwenye fahamu zake, aliyewaona wakubwa wake wakipita hapo na kutamani kuwa kama wao. Katika mila za namna hii maumivu hayapunguzwi, hupewa maana. Hapana shaka kwamba maana nayo ni dawa, kwa kuwa mtoto aliyelitaka jambo mwenyewe huvumilia asiloweza kulivumilia aliyelazimishwa. Bei yake ni kwamba kilio kimekuwa aibu. Kule ambako tabibu wa Kihindi alikisikia kilio akauchunguza mkono wake, hapa mtoto alitakiwa akizuie, akajichunguza yeye.

Karne ya 20 ilileta jibu la tatu, na ajabu ni kwamba lilitoka kwa wenye elimu. Kwa miongo mingi madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu kama mtu mzima, na kwamba kilio chake ni mshtuko wa mwili tu. Imani hiyo haikukomea katika masikio. Hata katika miaka ya 1980, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walipasuliwa vifua kwa dawa ya kulegeza misuli, iliyowanyima nguvu ya kutikisika na hata ya kulia, pamoja na usingizi hafifu sana. Aliyeipindua imani hiyo, pamoja na wenzake, alikuwa daktari mzaliwa wa Bara Hindi, K. J. S. Anand. Katika jaribio lililofanywa Oxford na kuchapishwa mwaka 1987 katika gazeti la The Lancet, watoto waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa kupasuliwa walionyesha msukosuko mdogo zaidi wa mwili, na walipona wakiwa na matatizo machache kuliko wale walionyimwa. Mwaka huo huo, yeye na P. R. Hickey waliandika katika The New England Journal of Medicine makala iliyokusanya ushahidi kwamba mtoto mchanga huhisi, na huhisi kwa nguvu.

Dai la kusahau nalo lilipimwa. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake wa Toronto walichapisha uchunguzi wa watoto wa kiume waliokuwa wakichanjwa katika umri wa miezi 4 au 6. Wale waliotahiriwa katika siku zao za kwanza bila ya dawa walionyesha maumivu makubwa zaidi wakati wa chanjo kuliko wasiotahiriwa, na waliopakwa malai ya kufisha ganzi kabla ya tohara walikuwa katikati. Mtoto hakuwa na kumbukumbu ya kusimulia, lakini mwili ulikuwa nayo. Tohara si kutoga sikio, na jeraha la sindano ni dogo mno kulinganishwa nalo. Wala haifai kumtisha mama wa pwani kwa hesabu za Toronto. Ila ile hoja ya wazee, kwamba lisilokumbukwa halina athari, haiwezi tena kusimama kwa miguu yake yenyewe.

Baada ya hapo elimu ilirudi polepole mahali alipokuwapo yule mlezi wa Kihindi na mtoto mapajani. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba maji ya sukari katika ulimi wa mtoto mchanga hupunguza kilio chake anapochomwa kisigino. Mwaka 2002 ilionekana kwamba mtoto anyonyaye wakati wa kuchomwa hulia kidogo sana kuliko asiyenyonya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka juu ya maumivu ya chanjo, likashauri mtoto ashikwe na mlezi wake, anyonyeshwe ikiwa bado ananyonya, na kama yu chini ya miaka 6 ashughulishwe kwa mchezo au mazungumzo. Waraka huo ulihusu chanjo, lakini sindano ni sindano. Wachunguzi wa tabia za watoto waligundua jambo jingine ambalo wazazi wengi hulipokea kwa shida: maneno ya kufariji yanayorudiwarudiwa, usiogope, usiogope, yanakwisha sasa, mara nyingi humzidishia mtoto hofu, maana humwambia kwamba liko jambo la kuogopwa, ilhali kumwonyesha kitu kingine humpunguzia. Na uwongo wa kwamba haitauma humfaa mzazi kwa sikio moja tu.

Sukari ilizua tahayari yake. Mwaka 2010 Rebeccah Slater na wenzake wa London walipima shughuli za ubongo wa watoto wachanga waliopewa sukari na wale waliopewa maji matupu. Nyuso za waliolamba sukari zilitulia zaidi, lakini ubongo wao uliitikia maumivu karibu sawa na wa wengine. Wataalamu hawajaafikiana juu ya maana ya matokeo hayo, na sukari bado hutumiwa. Hata hivyo swali la kale limerejea kwa sura mpya. Kuna kutuliza maumivu, na kuna kutuliza kilio. Na mtu mzima, ambaye masikio yake hayakipendi kilio, yumo katika hatari ya kuridhika na cha pili akidhani amefanya cha kwanza.

Kwa habari ya vyombo, hali imekuwa bora na mbaya pamoja. Malai ya kufisha ganzi yapo, lakini huhitaji karibu saa 1 kufanya kazi, na kwa mtoto mchanga hutumiwa kwa amri ya daktari tu, maana yaweza kudhuru damu. Barafu hutia ganzi kidogo, ila huifanya nyama kuwa ngumu kwa sindano. Katika maduka ya vipuli kimeenea chombo mfano wa bastola, kinachosukuma kipuli chenyewe katika nyama kwa nguvu ya springi. Ni chepesi kutumia. Lakini ncha ya kipuli haina ukali wa sindano, vyombo vingi vya namna hiyo haviwezi kuchemshwa hata vikatakasika, na mlio wake karibu na sikio la mtoto humshtua kuliko jeraha. Yule aliyeagizwa apitishe sindano polepole penye mwanga wa jua angekitazama chombo hicho kwa huzuni. Pepopunda, kwa upande mwingine, imerudishwa nyuma na chanjo.

Na suala la al-Ghazali halijafa. Mwaka 2015 nchini Uingereza makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka serikali ipige marufuku kutoga masikio ya watoto wadogo, kwa hoja kwamba ni maumivu yasiyo na haja. Yamkini ni wachache miongoni mwao waliojua kwamba hoja yao ilikwisha kuandikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka 900 kabla yao. Madaktari wa watoto wa Marekani hawasemi marufuku. Hushauri tu kungojea mpaka mtoto aweze kulitunza jeraha mwenyewe. Ushauri huo humwondolea mtoto hatari fulani na kumletea hofu, kwa kuwa mtoto aliyekua anajua kinachokuja.

Hofu hiyo haionekani sana katika sikio la kwanza. Sushruta aliagiza mvulana aanzwe kulia na msichana aanzwe kushoto, na hakueleza mtoto hushawishiwaje kuligeuza sikio la pili. Maana mtoto wa miezi 6 bado hajui kwamba masikio ni mawili. Wa miaka 6 anajua. Amekubali, amekaa kwa ushujaa, amehesabu mpaka 3 pamoja na mama yake, ameumia, na sasa ana habari kamili ya jambo lenyewe. Katika maduka mengine watu wawili husimama, mmoja kila upande, na kutoga masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Pasipo mtu wa pili, mwenye sindano huweka chombo chini na kungoja, na mama humkalisha mtoto mapajani. Wako wanaorudi nyumbani siku hiyo na kipuli kimoja, na cha pili kikiwa ndani ya mkoba wa mama, hata mtoto mwenyewe atakapokiulizia.